Chujio la "nano" baada ya mwaka na miezi mitatu hapa Maji ya Chai, nimelisifu na nimelilaani

Jamani nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka zake aondoke. Kwa vijidudu hili chujio la maji ya kunywa ni zuri, tena zuri sana, kwa mkaa limeniokoa, ila kwa floraidi, yale madini yanayoharibu meno na mifupa, halifanyi kitu, yaani sifuri, na kijana aliyeniuzia aliniapia kabisa "hii ni nano mama, inatoa kila kitu". Duka silitaji, sina nia ya kumharibia mtu riziki yake, lakini kama unakaa huku Meru mkoani Arusha, Maji ya Chai, Usa River na vitongoji vyake, soma kwanza kabla hujafungua pochi.

Mie ni wa Tanga, huku nimeolewa. Kwetu nimekulia maji ya mto Zigi, sijawahi kusikia kwamba maji yanaweza kumla mtu meno. Siku naletwa kutambulishwa naona mashemeji zangu wote meno kahawia, wengine yana mistari mistari, moyoni nikasema hawa tumbaku itakuwa imewakolea, nikanyamaza kwa adabu. Ni mama mkwe mwenyewe aliyeniona nashangaa akacheka akaniambia "mwanangu, hayo ni maji". Yeye meno ndo usiseme, na magoti yanamsumbua mpaka kuinuka kwenye kigoda ni kazi. Huu mlima wetu wa Meru ni wa volkano, maji yakipita kwenye mawe yake yanabeba madini ya floraidi, na hapa ndo kwenye mto uliopapa mahali hapa jina. Shirika la Afya Duniani linasema mwisho miligramu 1.5 kwa lita. Huku kuna vyanzo vinapita hapo mara kadhaa.

Kilichonikimbiza dukani ni Neema. Alikuwa na miaka miwili, na nilishaambiwa kwamba meno ya ukubwani yanajengwa ndani ya ufizi tangu mtoto yuko mdogo hivyo hivyo mpaka kwenye miaka 8, floraidi ikiingia kipindi hicho ndo yanaota yakiwa yameshaharibika, na ukishakuwa mkubwa hata unywe maji gani hayatakati tena. Kwa hiyo mie nilikuwa na haraka, sikuwa na muda wa kuuliza maswali mengi, na hilo ndo kosa langu.

Haya, bidhaa yenyewe. 85,000/= bila kupunguziwa hata mia. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko na koki, ndani yake kimekaa chungu cha udongo, ukikitoa unaweza kudhani ni cha kuoteshea maua ila hakina tundu chini. Kwenye ndoo kuna stika kubwa imeandikwa NANO SILVER, rangi ya kijani, na jani. Hilo jani nitalirudia.

Nilivyorudi nyumbani nikaanza kusoma hii kitu ni nini hasa, maana neno nano siku hizi limekuwa kama neno "orijino", kila kitu nano, vioo vya simu nano, rangi ya ukuta nano, dawa ya kung'arisha gari nano. Kumbe kwa hiki chungu siyo porojo. Udongo wa mfinyanzi unachanganywa na unga wa mbao au pumba za mpunga, kinafinyangwa, kinachomwa, zile pumba zinaungua zote zinaacha vitundu vidogo vidogo mno, maji yanajipenyeza taratibu, bakteria wengi wanakwama. Halafu chungu kinapakwa maji yenye chembe za madini ya fedha, namaanisha madini ya silva siyo fedha ya kununulia nyanya, chembe zenyewe ndogo chini ya nanomita 100. Ukitaka kujua ni udogo gani, milimita moja ni nanomita milioni moja. Zikiwa ndogo hivyo ndo zinakuwa kali, zinatoa fedha kidogo kidogo, bakteria anayegusa hapo anakufa, na chungu chenyewe hakioti ukungu. Na siyo kitu kipya, chungu cha namna hii kilibuniwa Guatemala mwaka 1981 na bwana mmoja anaitwa Fernando Mazariegos, baadaye wafinyanzi wa shirika la Potters for Peace wakakisambaza nchi nyingi. Yaani ni ufinyanzi ule ule wa bibi zetu umeongezewa akili kidogo. Hapo kwa kweli nililipenda.

Wiki ya kwanza maji yalikuwa na ladha ya udongo mbichi, kama mvua inapoanza kudondoka kwenye vumbi. Mume wangu aligoma kunywa. Jirani yangu mmoja alikuwa mjamzito, yeye ndo alikuwa anakuja na kikombe chake kila jioni, "mama Neema nipe yale maji ya pemba", maana yanafanana na ule udongo wanaouza sokoni wa kutafuna. Maji ya mwanzo mwanzo inatakiwa umwage, ujaze na kumwaga mara kadhaa, fedha iliyokaa juu juu itoke na hiyo harufu iishe. Dukani hawakuniambia. Baada ya siku kumi hivi ladha ikaisha, na jirani naye akaacha kuja.

Kasi: nilipima kwa simu na jagi, saa moja kamili nikapata karibu lita mbili. Kwa familia ya watu watano siyo haba ila lazima uwe na nidhamu ya kujaza usiku kabla ya kulala, ukisahau asubuhi mnatazamana. Koki ilianza kuvuja mwezi wa pili, fundi bomba akaibadilisha kwa 4,000/=, hiyo nasamehe.

Sasa mkaa. Hapa ndo chujio lilinishika moyo. Zamani kila jioni nachemsha sufuria kubwa la maji ya kunywa, jiko linakaa na moto saa nzima zaidi baada ya ugali, gunia linakata wiki tatu linakwisha. Sasa hivi gunia hilo hilo linakwenda wiki tano, na ikibahatika inaingia ya sita. Wanaposema teknolojia rafiki wa mazingira mie sifikirii makaratasi ya mikutano, nafikiria yale malori ya mkaa yanayopita usiku yamefunikwa turubai. Gunia moja moja nyumba moja moja, zidisha mwenyewe. Na macho yangu hayawashi tena jioni. Matumbo ya watoto pia yametulia, zamani masika yakianza ilikuwa lazima mmoja aharishe, mwaka huu hakuna. Ila wenye elimu wanasema chungu hakikamati virusi vizuri, virusi ni vidogo kuliko vitundu, kwa hiyo mtoto mchanga au mgonjwa mie bado namchemshia.

Kisa cha stiliwaya. Dada wa kazi, mtoto wa watu, ana juhudi, siku moja nimetoka kanisani nakuta chungu kimesuguliwa kwa stiliwaya na sabuni ya unga, kinang'aa, anatabasamu. Nilikaa chini. Kile kipako cha fedha ndo kimekwanguliwa, na sabuni imeingia kwenye vitundu, maji yalitoka na povu siku tatu. Kosa siyo lake, stika haikuandika chochote cha usafi na mie sikumwelekeza. Unasafisha kwa brashi laini na maji masafi tu, basi, bila sabuni. Na masika mto ukichafuka usimimine tope moja kwa moja, tandika kitambaa cha pamba juu, la sivyo kinaziba na ule mwendo wa lita mbili unashuka mpaka unahesabu matone.

Mpaka hapo ningekupa nyota nne na nusu. Sasa tuje kwenye floraidi.

Nilikaa na chujio miezi saba nina amani. Tena nilikuwa natangaza, kwenye vikoba wanawake wanne wamenunua kwa maneno yangu, na hilo ndo linaniuma kuliko 85,000 zangu. Shemeji mdogo yuko chuo anasoma mambo ya maji, amekuja likizo, kanywa, kaangalia stika, akaniuliza "shemeji mmeyapima?" Nikamwambia si nano hiyo. Akacheka ile ya kuvuta. Akachukua chupa mbili za plastiki, akasisitiza plastiki siyo glasi, moja akajaza maji kabla ya kuchuja na moja baada, akapeleka maabara. Majibu ya floraidi: kabla miligramu 4.6 kwa lita, baada 4.5. Nilirudia kusoma ile karatasi kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani wa mwanawe.

Alivyonielewesha ndo hivi, nami nakuelewesha hivyo hivyo. Chukua chai yenye majani na sukari, mimina kwenye chujio la chai. Majani yatabaki, sukari je? Sukari inapita yote, maana imeshayeyuka, haikai kama kipande cha kunaswa. Bakteria ni majani. Floraidi ni sukari. Hata vitundu vya chungu viwe vidogo vya kutisha, kitu kilichoyeyuka kinapita humo, na fedha ya nano haina habari nacho. Kwa chombo cha namna hii, ili kukitoa lazima uweke kitu ambacho floraidi inakipenda ikang'ang'ania hapo, siyo kutegemea vitundu vya udongo. Na kibaya zaidi, kuchemsha ndo kabisa, maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki, unakunywa iliyokolea. Miaka yote ile nachoma mkaa kumbe kwa upande huo napalilia ugonjwa.

Nikarudi dukani na karatasi yangu. Kijana ni yule yule. Mazungumzo yalikuwa mafupi:

"Kaka, uliniambia inatoa floraidi."

"Mama, nilisema inatoa uchafu wote."

"Floraidi je?"

"Hiyo siyo uchafu mama, hiyo ni madini."

Aisee. Nilikosa jibu, maana kwa namna fulani ya kijinga yuko sahihi. Hela sikurudishiwa. Nilichoomba ni kimoja, waandike kwenye stika kinachotoka na kisichotoka, akasema stika zinakuja zimeshachapwa, yeye anauza tu.

Na msije mkasema mie napinga nano, hapana. Aliyeipa heshima nano ya maji ni wa huku huku kwetu, Dk. Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali kule Karatu, alikuwa mhadhiri pale chuo cha Nelson Mandela Arusha, mwaka 2015 akashinda Africa Prize, tuzo ya ubunifu wa uhandisi ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, tena ndo mara ya kwanza inatolewa, pauni 25,000. Lake siyo hili chujio langu, msichanganye. Nilichokipenda kwenye wazo lake ni kwamba anatumia mchanga pamoja na malighafi za nano zinazopangwa kufuatana na maji ya mahali husika, kama tatizo lenu ni floraidi mnawekewa ya floraidi, kama ni metali nzito mnawekewa yake. Yaani unaanza na kupima maji ndo unatengeneza dawa. Huyu wangu alianza na stika.

Halafu kuna hili ambalo lilinichekesha. Hapa jirani, Ngurdoto, kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floraidi, wanatumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa inachomwa kwa hewa kidogo, inasagwa, maji yanapitishwa humo, floraidi inang'ang'ania mfupa kama inavyong'ang'ania mifupa ya mama mkwe, tofauti ni kwamba ya ng'ombe hailalamiki. Sasa ukiutazama mfupa kwa ndani, chembe zake za madini zenyewe ni za saizi ya nano, nanomita makumi tu, ng'ombe kazitengeneza bila kwenda chuo. Kwa hiyo nano ya kweli ya floraidi ilikuwa inatupwa machinjioni, na haina stika wala jani. Ina kasoro zake, ukichomwa vibaya maji yananuka, na baada ya muda mfupa unashiba floraidi unatakiwa ubadilishwe, na wapo wanaokataa kwa imani mpaka wajue mifupa ni ya mnyama gani. Hiyo ni haki yao.

Tunavyoishi sasa: tumenunua tanki la lita 1,000, tukafunga mifereji kwenye bati, maji ya mvua ndo ya kunywa na kupikia ya Neema na mdogo wake, maana maji ya mvua hayajapita kwenye mawe ya mlima, nayapitisha kwenye chungu cha nano kuua vijidudu vya kwenye bati, kinyesi cha ndege na nini. Hapo chungu kiko kwenye kazi yake halisi na kinafanya vizuri ajabu. Kiangazi tanki likikauka natumia ya mkaa wa mifupa. Na magadi nimeacha kwenye maharage ya watoto, maana magadi ya huku nayo yana floraidi, mama mkwe alinung'unika kwamba maharage yanachelewa kuiva na mkaa niliookoa ndo unarudi huko huko. Ni kweli, kidogo unarudi. Siku hizi naloweka usiku kucha.

Sasa lile jani la kijani kwenye stika. Nilitaka kujua ni kijani kwa lipi. Kupunguza mkaa, sawa, nimekubali. Chembe zenyewe je, zimetengenezwaje? Maana njia ya kawaida ya kutengeneza chembe za fedha inatumia kemikali kali, ndo watu wakatafuta njia ya majani. Mwaka 2004 watafiti wa Pune kule India walitoa kazi yao, walichemsha majani ya mwarobaini, ule ule wa uani, ule mchuzi wakauchanganya na chumvi ya fedha, chembe za nano zikajitengeneza zenyewe humo. Mwarobaini jamani! Hiyo ndo ningeiita ya kijani bila kusita. Nikamuuliza kijana hizi zenu ni za mwarobaini? Akasema "za kiwandani mama, quality".

Na mwisho wake je? Fedha hiyo hiyo inayoua bakteria kwenye chungu haichagui, ikifika mtoni inadhuru samaki na vijidudu vyenye kazi zao. Kule Arizona mwaka 2008 watafiti walifua soksi zilizotiwa nano ya fedha ya kuzuia harufu, nyingine zikaachia fedha yake kwenye maji ya kufulia baada ya kufuliwa mara chache tu. Chungu kinatoa kidogo sana, kwa mnywaji haina shida, kiwango kinachokubalika ni miligramu 0.1 kwa lita na chungu kilichotengenezwa vizuri kinakaa chini ya hapo, hilo msiogope. Ninachouliza mie ni kwamba chungu chenyewe kinaisha, kinapasuka, kinaziba moja kwa moja, na changu cha kwanza kilipata ufa mwezi uliopita baada ya Neema kukigonga na kijiko cha ugali. Nikapiga simu dukani, nakirudisha wapi? "Tupa tu mama, njoo uchukue kingine, 40,000." Chungu peke yake, bila ndoo. Nimenunua, ndiyo, nimenunua tena hapo hapo, hakuna kwingine karibu, na safari hii nimekagua kama kinatoa mlio mzuri ukikigonga kwa kidole, kama unavyochagua chungu sokoni, kikilia butu kina ufa.

Nyota tatu na nusu. Ingekuwa nne stika ingesema ukweli.

Cha zamani sikukitupa. Nilikiweka chini ya mgomba nikisema nitawaza baadaye, juzi naenda kukitazama nakuta kuku wa mama mkwe amekaa ndani, ananikodolea macho, mayai sita.